Matembezi ya usiku: Edinburgh iko na Burke na Hare, sisi tuko na batumbula

Kuna miji ambayo watu wanatoa franga zao ili waogopeshwe. Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, ni mmoja wapo. Jioni ikifika, kwenye barabara ya zamani ya Royal Mile utakuta kundi la watu limemzunguka mtu mmoja mwenye joho jeusi. Huyo ndiye mwongozaji. Atawatembeza saa moja au saa moja na nusu: vichochoro, makaburi, vyumba vya chini ya daraja. Kila anaposimama anatoa hadithi. Hapa fulani aliuawa. Hapa mtoto asiyeonekana anavuta nguo za wapitao. Kisha watu wanarudi hotelini wakicheka, na kesho usiku kundi lingine linapita palepale na kusikia yaleyale.

Wengi kwetu wakisikia hivi watasema: bazungu na mambo yabo. Mtu wa Lubumbashi au wa Bukavu akiambiwa pale kuna mzimu, anabadilisha njia, haulizi tiketi ni bei gani. Lakini tusiharakishe kucheka. Ukichukua hadithi moja tu kati ya zile za Edinburgh, ile ya Burke na Hare, ukaifuata mpaka mwisho, utajikuta umefika Katanga, na kutoka Katanga umefika Butembo. Niifuate polepole.

Kwanza kazi yenyewe. Matembezi ya namna hii si ya zamani sana. Mji wa York, Uingereza, uko na matembezi ya mizimu yaliyoanza mwaka 1973, na wenyewe wanajisifu kwamba ndiyo ya kwanza duniani. Mwongozaji si lazima aamini mizimu. Anachojua vizuri ni mahali. Anajua kona ambapo mwanga wa barabara unakatika, ngazi ambapo watu watalazimika kupita mmoja mmoja, ukuta unaorudisha sauti. Anaanza na kichekesho ili watu walegee, anashusha sauti ili wasogee karibu, halafu ananyamaza. Kuna kampuni zinazoweka mtu aliyejificha ambaye kazi yake ni kuruka kutoka gizani na kuwashtua watu. Ndiyo, analipwa kwa hiyo. Mwezi wa sita kazi inakuwa ngumu kidogo, kwani kule kaskazini jua linatua karibu saa nne ya usiku na mizimu ya saa mbili inasimuliwa jua likiwaka. Sisi, karibu na ikweta, giza linatufikia saa kumi na mbili na kitu, mwaka mzima. Kwa upande huo Mungu ametupendelea.

Kwamba mahali panafanya kazi kuliko maneno, hilo limepimwa. Mwaka 2001 mwanasaikolojia Richard Wiseman aliingiza watu zaidi ya mia mbili katika vyumba vilivyo chini ya daraja la South Bridge, Edinburgh, bila kuwaambia ni vyumba gani vina sifa ya mizimu. Waliokaa katika vyumba vyenye sifa mbaya ndio walioripoti mambo mengi: baridi ya ghafla, kuhisi mtu nyuma yao, hatua za miguu. Alipopima vyumba, akakuta hisia hizo zinaendana na mwanga, ukubwa wa chumba na urefu wa dari. Yaani mwili unasoma chumba mbele ya akili. Ndiyo maana hadithi ileile ukiipeleka kwenye oditwari saa sita mchana, inakufa.

Vyumba hivyo viko na historia. Daraja lilijengwa kati ya 1785 na 1788, likiwa na matao 19. Leo tao moja tu linaonekana, mengine yamefichwa na majumba yaliyojengwa pembeni. Ndani ya matao walipasua vyumba vya stoo na karakana. Maji yakaanza kuvuja, wafanyabiashara wakatoka, maskini wakaingia na kuishi humo bila dirisha, bila choo. Nyuma yake vyumba vikajazwa kifusi na kusahauliwa mpaka vilipozibuliwa mwisho wa karne ya 20. Mtu akikuambia humo ndani alisikia kilio, unaweza kubisha juu ya mzimu, lakini huwezi kubisha kwamba watu walilia humo.

Sasa Burke na Hare. Edinburgh ya miaka ya 1820 ilikuwa mji mkubwa wa udaktari. Wanafunzi walikuja kutoka mbali kujifunza mwili wa mtu, na ili ujifunze mwili unahitaji maiti. Sheria iliruhusu chache tu, hasa za wauaji walionyongwa. Biashara ikaanza: watu waliingia makaburini usiku, wanafukua aliyezikwa jana, wanamuuza kwa maprofesa. Familia zilikesha kwenye kaburi mpaka mwili uoze usiwe na bei tena. Wenye pesa waliweka kizimba cha chuma juu ya kaburi. Katika makaburi ya Greyfriars vizimba hivyo bado vipo, na mwongozaji anaposimama hapo hana haja ya kuongeza chumvi.

William Burke na William Hare walikuwa vibarua waliotoka Ireland. Nyumba ya Hare, eneo la West Port, ilipangisha vitanda kwa watu wa hali ya chini. Novemba 1827 mpangaji mmoja mzee alikufa kwa ugonjwa akiwa na deni. Wao, badala ya kumzika, wakampeleka kwa Dr Robert Knox, mwalimu maarufu wa anatomia, wakapewa pauni 7 na shilingi 10. Pesa hiyo ndiyo iliyowaharibu kabisa. Mwaka 1828 hawakungoja tena mtu afe. Waliwalewesha watu, wakawaziba pumzi ili mwili usionyeshe jeraha, wakauza. Watu 16. Nani? Wapangaji, wanawake waliokuwa wanazurura kutafuta riziki, watu ambao hakuna angeuliza wameenda wapi. Mmoja wao, kijana James Wilson aliyekuwa na ulemavu, alikuwa anajulikana mji mzima, na bado biashara iliendelea nyuma yake.

Burke alinyongwa tarehe 28 Januari 1829 mbele ya umati mkubwa, kisha yeye mwenyewe akapasuliwa mbele ya wanafunzi. Mifupa yake iko mpaka leo katika jumba la anatomia la chuo kikuu cha Edinburgh. Hare aliachiliwa juu alitoa ushahidi. Na Knox, aliyenunua? Hakufikishwa mahakamani.

Waongozaji wengine wanapenda kusema kwamba Burke na Hare walificha maiti katika vile vyumba vya chini ya daraja. Ushahidi wa hilo hakuna. Lakini hadithi na vyumba vinapendana, ni vigumu kuvitenganisha mbele ya watalii waliolipa. Kwangu mimi, mwongozaji mzuri unamtambua hapo: anasema "iliandikwa" pale palipoandikwa, anasema "wanasema" pale wanaposema, na sauti yake haibadiliki ili kukudanganya kati ya hayo mawili.

Kwa nini nasisitiza? Angalia kilichofuata. Mwaka 1832 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya anatomia: maiti ya mtu aliyekufa katika nyumba za maskini au hospitali bila ndugu wa kumdai, madaktari waliweza kuichukua. Wizi wa makaburini ukaisha, ndiyo, lakini umeishaje? Kwa kuhalalisha kwamba anayepasuliwa ni maskini. Na mwaka huohuo kulikuwa na kipindupindu. Katika mji wa bandari wa Liverpool, madaktari walipoanza kubeba wagonjwa kwenda hospitali, watu waliwafuata kwa mawe. Walipiga kelele kwamba wagonjwa wanauawa ili wapasuliwe. Jina la Burke lilikuwa limeshageuka kitenzi, na madaktari wakaitwa kwa jina hilo. Kati ya tarehe 29 Mei na 10 Juni kulikuwa na fujo mara nane. Wale watu hawakuwa wajinga. Miaka sita mbele, mwaka 1826, kwenye gati ya mji wao zilikamatwa maiti 33 ndani ya mapipa zikingoja kusafirishwa Uskoti. Walikuwa na sababu ya kuogopa. Ila hofu ile iliyokuwa ya kweli mwaka 1826 ilimpiga mwaka 1832 daktari aliyekuja kuwaokoa. Fujo zilitulia pale mapadri waliposoma barua makanisani. Watu walisikiliza kwa sababu aliyesema alikuwa wa kwao.

Mtu wa Katanga akisoma haya, kuna neno linamjia kichwani bila kuitwa: batumbula.

Wasiokulia kule, niwaeleze. Wakati wa Wabelgiji, katika Elisabethville (Lubumbashi ya leo) na miji mingine ya migodi, watu walisimuliana juu ya mutumbula, Mwafrika aliyetumwa na mzungu kukamata watu usiku. Aliyekamatwa alifungiwa, akanenepeshwa kama nguruwe, kisha akaliwa. Wengine walimtaja mwenye kula kwa jina la Simba Bulaya, simba wa Ulaya. Msomaji wa Kiswahili anasikia ndani ya neno mutumbula kitenzi kutumbua, kupasua. Na hatukuwa peke yetu. Upande wa Zambia waliitwa banyama, pwani ya Kenya na Tanzania mumiani, na Nairobi mpaka Kampala waliogopwa wazimamoto, eti wanachukua damu. Mwanahistoria Luise White alizikusanya hadithi hizi katika kitabu chake cha mwaka 2000, na kabla yake, mwaka 1975, Rik Ceyssens alikuwa ameandika juu ya mutumbula peke yake, akaiita hekaya ya mwenye kukandamizwa. Wachoraji wa mitaani wa Katanga nao waliifanya Simba Bulaya kuwa moja ya picha zao, sambamba na mamba muntu, yule mwanamke nusu samaki anayetoa utajiri na kudai kitu kingine.

Swali la kitoto ni: je, Wabelgiji walikula watu? Swali la mtu aliyesoma ni lingine: kwa nini hadithi ilikuwa na umbo lile, mahali pale, saa ile?

Saa kwanza. Elisabethville, iliyoanzishwa 1910, ilikuwa miji miwili. Mji wa wazungu huku, site za Waafrika kule, Kamalondo ikiwa ya kwanza, na katikati eneo tupu la mita 700 hivi ambalo serikali iliita la afya. Usiku Mwafrika hakuruhusiwa kuwa mjini bila karatasi. Kwa hiyo giza lilikuwa na sheria yake, na mwenye kutembea gizani alikuwa polisi au mwenye ruhusa ya mzungu. Ukiona taa inakuja mbele yako saa ile, ulikuwa na haki ya kukimbia.

Kisha umbo. Union Minière ilimchukua mtu kijijini, ikampima, ikampa nyumba kampini, ikampa posho ya chakula ili awe na nguvu, ikafuata afya yake na ya watoto wake. Yote hayo ili ashuke mgodini au asimame mbele ya tanuru. Mimi nikisoma habari ya mtu anayelishwa vizuri mpaka siku ya kuliwa, sioni upuuzi. Naona mfanyakazi aliyeielewa hesabu ya kampuni. Na tarehe 9 Desemba 1941, katika vita, wafanyakazi wa Union Minière walipogoma kudai mshahara, walipigwa risasi Elisabethville kwenye uwanja wa mpira, na kiongozi wao Léonard Mpoyi akafa pale. Idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Tshibumba Kanda Matulu alilichora tukio hilo miaka zaidi ya thelathini nyuma yake, wakati vitabu vya shule vilikuwa kimya. Mutumbula na ile picha ya uwanja ni ndugu, tofauti ni kwamba moja imeandikwa na nyingine imesimuliwa.

Mpaka hapo hadithi inaonekana kama hazina, na wengi katika fakulte zetu wanaishia hapo: "sauti ya wanyonge", wanapiga makofi, memwari imeisha. Lakini kumbuka Liverpool. Kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020 Kivu ya Kaskazini na Ituri zilikuwa na Ebola. Wagonjwa zaidi ya 3,400, waliokufa zaidi ya 2,200. Timu zilikuja na magari, na kombinezo nyeupe, na mifuko ya kufunga maiti. Uvumi ukatembea kuliko magari: wanakata viungo, wanauza, ugonjwa ni biashara. Desemba 2018 Beni na Butembo ziliondolewa katika kura ya rais, Ebola ikatajwa kuwa sababu, na hapo nani angemshawishi mtu kwamba hakuna mchezo? Vituo vilichomwa, wauguzi walipigwa. Tarehe 19 Aprili 2019 Dr Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuja kufanya kazi na OMS, aliuawa kwa risasi hospitalini Butembo. Sisemi hadithi ilimuua. Kulikuwa na silaha, pesa na siasa. Lakini waliofanya vile walipata mahali ambapo udongo ulikuwa umeshalimwa.

Kilichosaidia kidogo kidogo kinafanana na barua ya mapadri: wenyeji wenyewe kuingizwa katika timu za mazishi, familia kuruhusiwa kuona, vyumba vya plastiki angavu ambamo mama anamwona mtoto wake mgonjwa kutoka nje. Unaona? Hofu ya mutumbula ni hofu ya kinachofanyika mahali ambapo hauoni.

Ndiyo maana nasema matembezi ya usiku yangetufaa, na Lubumbashi naiona kuwa mahali pa kuanzia. Vifaa vipo. Jumba la makumbusho la taifa lipo mjini, na tangu mwaka 2000 mradi wa Mémoires de Lubumbashi, pamoja na maprofesa wa UNILU kama Donatien Dibwe dia Mwembu, umekusanya kumbukumbu za wakaaji. Njia ingeweza kutoka Kamalondo, ikavuka lile eneo lililokuwa tupu, ikaingia mjini, na kituo kimoja kikawa mahali ambapo bomba refu la kiwanda na mlima wake mweusi wa taka vinaonekana. Pale mwongozaji asimulie mutumbula kama alivyosimuliwa, kwa lugha ya kampini, bila kuomba radhi. Halafu atoe karatasi ya 1941.

Iko na masharti, na hapa hatuwezi kuiga Edinburgh. Kule mzimu una miaka mia mbili na hauna jirani. Kwetu ukisimamisha watu thelathini mbele ya nyumba ya mtu na kusema "humu kuna mambo", kesho yule mama anapigwa mawe. Watoto wetu wanafukuzwa nyumbani kwa kuitwa ndoki. Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaadhibu jambo hilo. Mwongozaji anapaswa kuzijua kama anavyojua njia. Kwa hiyo: hakuna nyumba yenye watu, hakuna jina la aliye hai, hakuna kaburi ambalo familia bado inalipalilia. Mzee anayetoa hadithi alipwe, asiitwe tu kupigwa picha. Yule wa kuruka kutoka gizani tumwache Uskoti. Mjini kwetu mtu anayeruka gizani anaweza kuwa na kisu, na watu watamjibu hivyo.

Kuna hadithi moja nyepesi ningeiweka mwanzoni ili kuzoesha masikio. Dereva wa teksi anambeba msichana usiku, anamshusha, asubuhi anafuata deni lake na kuonyeshwa picha ya marehemu. Kila mtu ameisikia, tena kwa dereva "mwenye anajulikana". Kumbe Chicago wanaisimulia tangu miaka ya 1930, barabara ya Archer Avenue, na mtafiti Jan Harold Brunvand aliifanya kichwa cha kitabu chake mwaka 1981. Mwongozaji aulize kundi: nani alimsikia dereva kwa masikio yake? Mikono itainuka. Aulize tena: alikuambia yeye mwenyewe, au rafiki yake? Mikono itashuka, watu watacheka. Wakifika kwenye vituo vizito, wameshazoea kuuliza.

Wenye nkambo aliyeishi Kamalondo, Kenya, Katuba au kampi yoyote ya kampuni, mtangulieni kabla giza lake halijafika. Kaa naye jioni, weka simu irekodi kwa ruhusa yake, umuulize: mutumbula alikuwa anapita njia gani? Alikuwa na taa ya namna gani? Na nani alikuwa amekukataza kutoka nje?